Sarafu 100, zamu nne na usiku mmoja: hesabu za vita vya Wesnoth

Mchezo wa kompyuta uitwao The Battle for Wesnoth una mapanga, mikuki, mazimwi, wafu wanaotembea na wachawi wanaorusha moto. Hata hivyo, mchezaji anayeshindwa mara nyingi haangushwi na zimwi. Huangushwa na hesabu, tena hesabu aliyoikosea katika zamu tatu za mwanzo, majeshi yakiwa bado hayajaonana. Habari za kushindwa humfikia baadaye sana, zamu ya kumi au ya kumi na mbili, kama mfanyabiashara anayegundua mwezi wa tatu kwamba mzigo aliouvusha mwezi wa kwanza ndio uliomla mtaji.

Mchezo huo ulianzishwa na David White, na toleo lake la kwanza lilitoka Juni 2003. Toleo lililohesabiwa kuwa limekamilika, la 1.0, lilifuata Oktoba 2005. Tangu hapo umeendelezwa na watu wanaojitolea kutoka nchi mbalimbali, na hadi leo hauuzwi: yeyote anaweza kuupakua bure, kuunakili, kumpa mwenzake na hata kuubadilisha, ilimradi naye asiwafungie wengine mlango. Ukishauweka kwenye kompyuta hauhitaji bando, na watu wawili wanaweza kucheza kwenye mashine moja kwa kupokezana, mmoja akimaliza zamu yake mwenzake anakaa kitini.

Uwanja wake ni ramani iliyogawanywa katika vyumba vidogo vyenye pembe sita. Kuna nyika, misitu, vilima, milima, mito na vijiji. Kila upande una kiongozi mmoja, naye huanza akiwa ndani ya ngome. Kiongozi akiuawa, mchezo umekwisha kwa upande wake. Katikati ya ngome ndipo anapoajiri askari, na kila askari ana bei yake. Hapo ndipo mambo yanapoanza kufanana na biashara ya mpakani kuliko na vita.

Siku ya kwanza sokoni

Tuchukue mchezo wa watu wawili. Kila mmoja amepewa sarafu 100 za dhahabu, na kila kijiji atakachokikamata kitamlipa sarafu 2 kwa zamu. Waandaaji wanaweza kubadili viwango hivyo, lakini kanuni zenyewe hazibadiliki. Mmoja anaongoza jeshi la binadamu. Mwingine anaongoza maorki, viumbe wa kutunga wenye nguvu na hasira, waliozoeleka katika hadithi za Ulaya za majini na wafalme.

Binadamu ni bidhaa ya bei. Askari wa mkuki anauzwa sarafu 14, mpanda farasi 17, mchawi wa moto 20, na mpiganaji wa majini, yule wa mkia wa samaki, 14. Upande wa pili, askari wa kawaida wa kiorki anauzwa sarafu 12 tu, zimwi dogo 13, na mpanda mbwamwitu 17.

Mwenye binadamu ananunua askari sita: wenye mikuki watatu, mpanda farasi mmoja, mchawi mmoja na mmoja wa majini. Jumla ni sarafu 93, anabaki na 7. Mwenye maorki naye ananunua sita: maorki wanne, zimwi dogo moja na mpanda mbwamwitu mmoja. Jumla ni 78, anabaki na 22. Kwa mtazamaji wa pembeni, majeshi yanalingana, sita kwa sita. Lakini mmoja amebaki na akiba ya kununulia askari mwingine na mwenzake amebaki na chenji.

Askari aliyeajiriwa hatembei zamu hiyo hiyo. Anasimama pale alipowekwa, anasubiri zamu ya pili. Kwa hiyo mahali anapowekwa si jambo dogo. Ngome ina vyumba kadhaa kuizunguka, vingine vinatazama kaskazini, vingine kusini. Askari wa mkuki anatembea vyumba vitano tu kwa zamu, tena kwenye nyika. Akikutana na kilima au msitu, mwendo unapungua. Akiwekwa upande usioelekea kijiji chake, atapungukiwa na chumba kimoja na kulala njiani. Zamu nzima imepotea. Wanaojua mzigo uliofika Malaba dakika chache baada ya foleni kufungwa hawahitaji maelezo zaidi.

Mchezaji mgeni huweka askari popote panapobofyeka. Mzoefu huhesabu kwanza vijiji vilivyo upande wake, akaamua nani ataenda wapi, ndipo aajiri. Mpanda farasi na mpanda mbwamwitu, ambao kila mmoja ana mwendo wa vyumba vinane, hupewa vijiji vya mbali. Wa majini hupewa kijiji kilicho ng'ambo ya maji. Kijiji kilicho jirani na ngome huachiwa kiongozi mwenyewe au askari atakayenunuliwa baadaye, kwa sababu hakuna haja ya kumtuma mwenye mbio kwenye duka la mtaa wa pili.

Kijiji cha kwanza kinalipa zaidi

Sasa ije sheria ambayo wageni wengi huipita bila kuisoma. Kila askari anakula. Askari wa ngazi ya kwanza anagharimu sarafu 1 kwa zamu, wa ngazi ya pili 2, na kuendelea. Kiongozi peke yake halipiwi. Lakini kila kijiji unachokimiliki kinamlisha askari mmoja wa ngazi ya kwanza bila malipo. Juu ya hayo, kila upande hupata sarafu 2 za msingi kila zamu, ana kijiji au hana.

Zamu ya pili inapoanza, kila mmoja ana askari sita na hana kijiji hata kimoja. Anapokea 2, anadaiwa 6. Tofauti ni hasara ya sarafu 4. Wengi hushtuka wanapoona dhahabu inapungua kabla hawajafanya lolote, wakadhani kompyuta imekosea. Haijakosea. Ni posho ya vibarua walioanza kazi kabla mzigo haujafika.

Mwenye binadamu sasa ana sarafu 3. Hawezi kununua kitu. Mwenye maorki ana 18. Ananunua orki mwingine na kubaki na 6. Kisha kila mmoja anatuma watu wake, na tuseme kila mmoja anakamata vijiji vinne zamu hiyo. Askari akiingia kijiji kisicho chake, mwendo wake unaishia hapo. Hakuna askari anayekamata viwili kwa mkupuo. Ndiyo maana jeshi la askari wachache wa bei kubwa huwa na tatizo mwanzoni, hata kama kila mmoja wao ni simba. Mikono haitoshi kuokota.

Zamu ya tatu, mwenye binadamu anapata 2 za msingi na 8 za vijiji, na anatozwa 2 kwa ajili ya askari wawili wasio na kijiji cha kuwalisha. Faida yake ni 8, mfukoni ana 11. Bado hanunui kitu. Mwenye maorki ana askari saba na vijiji vinne, anatozwa 3, faida yake ni 7. Mfukoni ana 13. Ananunua orki wa 12 na kubaki na sarafu 1. Amefikisha askari wanane.

Tuseme tena kwamba zamu hiyo kila mmoja ameongeza vijiji vitatu, akafikisha saba. Zamu ya nne, binadamu anapata 16 bila makato, mfukoni ana 27. Ananunua mwenye mkuki mmoja, anabaki na 13. Mwenye maorki anapata 15, ana 16, ananunua zimwi dogo la 13, anabaki na 3.

Hesabu ikifungwa, mwenye binadamu ametumia sarafu 107 na ana 13 mkononi: 120. Mwenye maorki ametumia 115 na ana 3: 118. Mali ni karibu sawa, na kwa kweli binadamu amemzidi mwenzake kwa sarafu 2. Lakini uwanjani kuna maorki na mazimwi tisa yakikabili binadamu saba.

Katika hesabu hiyo kuna jambo moja linalofaa kuangaliwa na yeyote anayezungusha mtaji mdogo. Wakati askari ni wengi kuliko vijiji, kila kijiji kipya kinaleta sarafu 2 na kufuta gharama ya 1. Thamani yake ni 3. Vijiji vikishawazidi askari, kijiji cha ziada kinaleta 2 tu. Kwa hiyo haraka ya zamu ya pili na ya tatu ina maana kuliko haraka ya zamu ya nane. Mchezaji anayemwacha askari mmoja amesimama ngomeni zamu ya pili "kwa usalama" amechagua kupoteza sarafu 3 kila zamu kwa kumlinda mtu ambaye hakuna anayemfuata.

Kuna majeshi yanayozikwepa sheria hizi kwa njia zao. Wafu wana maiti anayetembea, anayeuzwa sarafu 8. Yuko ngazi ya sifuri, kwa hiyo hali kitu, halipwi posho. Ni dhaifu na mzito, lakini anakamata kijiji sawasawa na mpanda farasi wa 17, mradi kiwe karibu. Tena akimuua askari wa adui, aliyeuawa huinuka akiwa maiti wa upande wake. Bidhaa ya bei ya chini isiyo na gharama ya kutunza ina soko lake, hata katika nchi ya majini.

Jua linapozama

Mpaka hapa hakuna aliyerusha mkuki. Lakini saa imekuwa ikitembea. Katika Wesnoth siku ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, machweo, kisha zamu mbili za usiku. Mchezo ukianza alfajiri, zamu ya nne ni machweo, na ya tano na ya sita ni usiku. Ndiyo hasa wakati ambao majeshi mawili yaliyotoka pande mbili za ramani huanza kukutana katikati.

Binadamu hawa ni watu wa mchana. Jua likiwaka, nguvu zao hupanda kwa asilimia 25. Usiku hushuka kwa asilimia hiyo hiyo. Maorki ni kinyume chake. Askari wa mkuki hupiga mara tatu, kila pigo pointi 7. Mchana linakuwa 9, usiku linakuwa 5. Orki hupiga mara mbili, kila pigo 9. Mchana linashuka hadi 7, usiku linapanda hadi 11. Mapigo yote yakimpata mtu, askari wa mkuki anaweza kutoa 27 mchana, na 15 tu usiku. Orki anatoa 14 mchana na 22 usiku. Watu wale wale, uwanja ule ule, lakini bei imegeuka kwa sababu ya saa.

Mwenye binadamu mgeni, akiwa na askari saba na hasira ya kuwaona adui wanasogea, hutoka kuwakabili nyikani. Ni kosa ambalo maorki wanaliombea. Kwenye nyika, pigo lina nafasi ya asilimia 60 ya kumpata. Askari wa mkuki ana uhai wa pointi 36. Maorki watatu wakimzunguka usiku, kwa wastani watamtoa pointi karibu 40. Amekwenda, na sarafu 14 zimekwenda naye.

Mzoefu hurudi nyuma. Anaweka askari ndani ya vijiji, ngomeni au juu ya mlima, ambako nafasi ya kupigwa inashuka hadi asilimia 40. Maorki wale wale watatu sasa wanamtoa kwa wastani pointi 26 hivi. Anabaki hai, na kijiji kinamrudishia pointi 8 zamu inayofuata. Huku akipigwa, mkuki wake una sifa ya kutangulia: hata akishambuliwa, yeye ndiye anayechoma kwanza. Hayo ni makadirio, na kete za bahati zimo. Kuna usiku mapigo yote yanapata na kuna usiku yote yanakosa. Anayelalamikia bahati kila mara, hata hivyo, kwa kawaida ndiye aliyesimama nyikani.

Lakini kurudi nyuma nako kuna bei, na hapa ndipo mchezo unapokuwa mgumu kweli. Kurudi nyuma maana yake ni kuacha vijiji vya mbele. Tuseme binadamu ameachia viwili. Alikuwa anapata 16 kwa zamu. Sasa ana vijiji vitano na askari saba, anapata 10. Amepoteza 6. Mwenye maorki alikuwa na askari tisa na vijiji saba, akipata 14. Sasa ana vijiji tisa vya kuwalisha wote, anapata 20. Ameongeza 6. Pengo lililofunguka kati yao ni sarafu 12 kila zamu, na 12 ndiyo bei ya orki mmoja. Kwa kila zamu vijiji hivyo viwili vinapokaa mikononi mwa adui, ni kana kwamba adui anapewa askari mmoja wa bure.

Kwa hiyo swali la machweo ni kupima hasara mbili. Kuachia vijiji viwili kwa zamu mbili za usiku ni hasara ya sarafu kama 24. Kufa kwa askari wawili wa mkuki nyikani ni hasara ya 28, na baada ya kufa kwao vijiji vinachukuliwa vilevile. Wachezaji wazuri wa upande wa binadamu huchagua hasara ya kwanza, wakijua wataidai mchana. Wabaya huona aibu kurudi nyuma.

Mpanda mbwamwitu naye anatafuta nafasi yake usiku huo. Hapigani sana. Anazunguka kupitia milimani, ambako farasi hapiti vizuri, anaibukia nyuma ya mstari na kukamata kijiji kilichoachwa wazi. Binadamu atalazimika kumtoa askari mmoja mstari wa mbele akakirudishe. Usumbufu huo peke yake umeshalipa gharama ya mbwamwitu. Dawa yake ni kumwacha askari mmoja nyuma tangu mwanzo, lakini ndiyo yale yale: mmoja nyuma ni mmoja pungufu mbele.

Mtaji wa bao

Kwa wasomaji wa pwani, mwanzo wa namna hii si mgeni. Bao la Kiswahili lina kete 64, 32 kwa kila mchezaji, na mchezo hauanzi zote zikiwa ubaoni. Kila mmoja anaanza na kete 10 mashimoni na 22 mkononi, na hatua ya namua ni ya kuziingiza moja moja, kila zamu kete moja. Kete za mkononi zikiisha ndipo inaanza hatua ya pili, ambayo wachezaji wa Lamu, Mombasa na Zanzibar huiita kwa jina ambalo kila mwenye duka analijua: mtaji. Omweso wa Uganda na igisoro ya Rwanda ni ndugu zake wa mistari minne.

Tofauti ni kwamba katika bao akiba ya mkononi hailiwi na gharama za kila siku. Anayekaa na kete zake hatozwi. Katika Wesnoth, kila zamu inatoza. Mchezaji wa bao akihamia kwenye mchezo huu huwa mzuri wa kuona mbele, lakini huchelewa kutumia, kwa sababu amezoea kwamba kete ya mkononi haiozi.

Kuna pia namna ya kucheza peke yako dhidi ya kompyuta, katika hadithi ndefu zenye vituo vingi, na humo mafundisho ya mwanzo yanabadilika kidogo. Kila kituo kina idadi ya zamu zilizowekwa; zikiisha kabla hujatimiza lengo, umeshindwa. Ukimaliza mapema, kwa kawaida unapewa ziada ya dhahabu kwa kila zamu uliyookoa, na sehemu ya dhahabu uliyo nayo inavuka na wewe hadi kituo kinachofuata. Askari waliosalia nao unaweza kuwaita tena kwa malipo, wakiwa na uzoefu wao wote. Kwa hiyo anayeajiri jeshi kubwa kwa hofu katika kituo cha kwanza anaweza kushinda na kujikuta kwenye kituo cha tatu hana kitu. Huko hesabu haifungwi kila jioni. Deni linavuka mpaka.

Turudi uwanjani. Zamu ya saba ni alfajiri, nguvu za pande zote ziko sawa. Mwenye maorki ana uamuzi wa kufanya sasa hivi, si baadaye: askari wake wako ndani kabisa ya eneo la binadamu, wamejeruhiwa, na vijiji viwili walivyovikamata vinawashawishi wabaki. Zamu ya nane ni asubuhi. Mikuki iliyokuwa ikipiga 5 itapiga 9, na mchawi wa moto, ambaye mapigo yake yana nafasi ya asilimia 70 ya kupata popote adui aliposimama, hata ndani ya kijiji, alilindwa usiku kucha nyuma ya mstari kwa ajili ya saa hiyo. Mazimwi madogo hujiponya yenyewe pointi 8 kila zamu na yanaweza kufunika mlango wakati wengine wanaondoka. Maorki hawajiponyi. Wakianza kurudi alfajiri, wengi watafika vilimani. Wakisubiri zamu moja zaidi ili wale mapato ya vijiji vile mara moja ya mwisho, wapanda farasi watakuwa wamekwisha kupita ubavuni na kuziba njia, kwa kuwa askari yeyote wa ngazi ya kwanza na kuendelea huzuia mwendo wa adui katika vyumba vyote sita vinavyomzunguka.